Doktora ya Uswidi: wanaajiri, hawagawi burse

MUULIZE MAMA PROFESA

*Mama Profesa, jambo sana. Mimi ni kijana wa Katuba. Nimemaliza Politeknik hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), upande wa metalujia, memuari yangu, yaani andiko la kumaliza chuo, ilihusu kuyeyusha kobalti kwa asidi katika mawe ya oksidi. Tangu nipate diploma ninafanya kibarua katika maabara ya kupima sampuli za madini, leo wananiita, kesho hawaniiti. Tamaa yangu ni kufanya doktora katika chuo kikuu cha ufundi cha Uswidi, maana nimesikia nawe ulisoma huko. Nimewaandikia maprofesa wengi barua pepe, nikiwaomba burse (ufadhili wa masomo) na kuwaambia niko tayari kwa somo lolote watakalonipa. Hakuna anayejibu. Je, ni diploma ya Kongo hawaitaki? Au ni kwa kuwa sina mtu? Nipe basi jina la mtu wako mmoja huko nimwandikie. — Ingenia wa Katuba*

Mwanangu, diploma yako haina ubaya, na mtu humhitaji. Kinachokuangusha ni hayo maneno "somo lolote".

Sisi tumezoea kwamba kwenda kusoma Ulaya ni kupewa. Kuna serikali inayogawa burse, kuna kamati, kuna orodha inabandikwa ukutani, na mwenye mjomba ndani ya kamati analala usingizi wake. Kwa hiyo tunaandika barua za kuomba huruma. Uswidi, katika sayansi na uhandisi, mwanafunzi wa doktora kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo. Profesa anapata fedha za mradi fulani, anahitaji mtu wa kuufanya, basi chuo kinatangaza nafasi hiyo kwenye ukurasa wake wa ajira, hapo hapo panapotangazwa kazi ya mhasibu na ya fundi wa maabara. Tangazo lina namba, lina tarehe ya mwisho, linasema kazi ni ipi. Anayechukuliwa anasaini mkataba, anapata mshahara, likizo, malipo akiugua, na anawekewa pensheni. Mshahara wangu ulikuwa unaingia tarehe 25. Siku hizi mshahara huo kwa kawaida unapita krona 30,000 kwa mwezi kabla ya kodi, na kodi usiifanyie mchezo, inakula. Ada ya masomo hakuna. Waswidi walianza mwaka 2011 kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, lakini ni kwa digrii ya kwanza na masta. Doktora haitozwi mtu yeyote.

Sasa jiweke mahali pa profesa huyo. Paa la nyumba yake linavuja, anatafuta mtu wa paa, halafu anabisha hodi kijana anayesema anaweza kazi yoyote. Atamfungulia? Barua yako ilipofika hakuona tatizo lake ndani, akaiacha. Wala hakuwa na burse mfukoni ya kukupa, hata kama angekuonea huruma.

Kwa hiyo acha kuwaandikia watu, anza kusoma matangazo. Vyuo vya ufundi vinavyojulikana zaidi ni KTH ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1827, na Chalmers ya Göteborg, ya mwaka 1829. Lakini wewe ni mtoto wa metalujia, nakuambia utazame kwanza Luleå. Ni chuo kichanga, kilianza mwaka 1971 na kuitwa chuo kikuu mwaka 1997, kiko kaskazini karibu na mstari wa Aktiki, na kiliwekwa pale kwa sababu watu wa pande hizo wanaishi kwa madini. Kiruna, mji wa huko huko kaskazini, wanachimba chuma chini ya ardhi mpaka ardhi ya mji inashuka, na mji wenyewe unahamishwa. Agosti 2025 kanisa lao la mbao, la mwaka 1912, lilipakiwa zima juu ya magurudumu likapelekwa kilomita 5. Hapa kwetu mgodi ukikaribia nyumba, unajua mwenyewe nani anahama na kwa namna gani.

Gällivare, nako ni kaskazini, kuna mgodi wa shaba wa Aitik, shimo la wazi kubwa kabisa. Shaba iliyo ndani ya jiwe lao haifiki asilimia 0.3. Sikuamini nilipoisoma mara ya kwanza. Katanga mtu akileta jiwe la asilimia 2 au 3 tunaona ni jambo la kawaida, na kuna vilima vya mabaki tulivyotupa enzi zile ambavyo kwa Mswidi ni mgodi mzuri. Umaskini wa jiwe lao ndio uliowafundisha kazi: wanajua kusaga bila kupoteza umeme, wanajua kuelea kwa povu, yaani kutenga madini na jiwe kwa mapovu ya maji, wanapima kila dakika kinachopita kwenye bomba. Sisi mawe yetu ni tajiri, ila ni ya vurugu, oksidi imechanganyika na salfidi, kobalti imejificha pamoja na manganizi, na mabaki ya miaka mingi yanangoja. Kule Kolwezi mabaki ya Kingamyambo yanachakatwa upya. Na mlima mweusi wa hapa Lubumbashi, ule unaouona ukiwa mjini popote, umetoa kobalti miaka mingi baada ya waliourundika kudhani wamemaliza nao.

Hiyo ndiyo mali yako. Usiende Uswidi kuwaambia wewe ni kijana mwenye bidii kutoka nchi yenye shida. Waambie unachojua: kwamba katika mawe yetu ya oksidi kobalti iko katika hali ya tatu ya kikemia (Co³⁺), kwamba asidi ya sulfuriki peke yake inaigusa polepole mno, kwamba lazima uongeze kipunguzi kama metabisulfiti ya sodiamu au gesi ya dioksidi ya salfa ili ishuke kwenye hali ya pili (Co²⁺) na kuyeyuka. Umelifanya hilo kwa mikono yako. Wenzako wengi watakaoomba nafasi hiyo wamelisoma kitabuni tu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje tatizo la tangazo lao kwa maneno yako mwenyewe, ili wajue umeelewa. Ya pili useme ulichopima katika memuari: mawe kutoka wapi, asidi kiasi gani, joto gani, ulipata nini. Kisha uandike kitu ambacho hukukielewa katika matokeo yako. Ndiyo, andika. Kamati inasoma barua nyingi za watu waliofaulu kila kitu. Mtu anayeweza kusema "hapa matokeo yalinishangaza, na ningependa kujua kwa nini" anaonekana kuwa tayari ni mtafiti. Usianze kwa "Mheshimiwa sana Profesa mwenye sifa zisizo na kifani". Waswidi wanamwita profesa jina lake la kwanza, hata mbele ya wageni, na mimi ulimi wangu ulikataa kwa muda mrefu.

Kuhusu diploma. Sheria yao inataka mtu awe na digrii ya ngazi ya pili, yaani masta, au awe amefikisha krediti 240, na kati ya hizo 60 ziwe za ngazi ya juu. Mwaka mmoja mzima wa masomo ni krediti 60, basi ingenia aliyesoma miaka mitano baada ya diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ana hoja. Shida ni kwamba karatasi zetu za mfumo wa zamani zinaonyesha saa na pointi, hazionyeshi krediti. Nenda kwenye sekretarieti ya fakulti, uombe karatasi za pointi za kila mwaka, tangu wa kwanza, na orodha ya masomo yenye saa zake. Usingoje tangazo litoke ndipo uende, maana unaijua foleni ya pale. Zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa. Memuari yako iko kwa Kifaransa, sawa, iambatanishe hivyo hivyo, lakini andika mwenyewe muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiingereza, wenye michoro. Huo ndio watakaousoma.

Halafu wataomba majina ya watu wawili au watatu wanaokufahamu. Huku tunakimbilia wakubwa, tunataka barua ya dekani yenye mihuri. Dekani hakujui. Mkuu wa hiyo maabara anayekuita leo na kesho hakuiti, yule aliyekuona ukirudia kipimo mpaka saa mbili usiku, ndiye wa kuweka. Hakikisha anasoma barua pepe zake na anaweza kujibu kwa Kiingereza.

Kiingereza ndicho mlima wako wa kweli. Maswali ya usaili, mikutano, makala, vyote vinakwenda kwa Kiingereza, na Mswidi anakisema vizuri kiasi cha kukutia aibu. Kiswidi utajifunza ukifika. Kiingereza hakingoji.

Tarehe ya mwisho ni kawaida saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za kwao. Wakati wa baridi Lubumbashi iko mbele kwa saa moja, wakati wa joto saa zetu ni sawasawa. Lakini usihesabu saa, hesabu umeme. Tuma siku mbili kabla.

Ukichukuliwa, mkataba wa kwanza hauzidi mwaka mmoja. Usiogope, ni sheria. Baadaye unaongezwa, kila mara usizidi miaka miwili, mpaka itimie miaka minne ya masomo. Wakikupa kazi ya kufundisha, ambayo haipiti asilimia 20 ya muda wako, miaka inaweza kufika mitano. Unakuwa na wasimamizi wasiopungua wawili, na mpango wa masomo wa kwako binafsi ulioandikwa na kukubaliwa pande zote. Na jambo ambalo nililirudia kulisoma: mwanafunzi akiomba kubadilishiwa msimamizi, abadilishiwe. Wewe uliyesoma hapa unaelewa uzito wake. Njiani kuna kituo, digrii wanayoiita licentiate, krediti 120, nusu ya safari. Mwishoni tasnifu inapigiliwa ukutani kwa msumari na nyundo, kweli kabisa, wiki kama tatu kabla ya kuitetea, ili yeyote apite aisome. Siku ya kutetea anakuja mpinzani kutoka chuo kingine na mlango uko wazi kwa watu wote.

Onyo moja la soko. Usijenge barua yako yote juu ya betri. Skellefteå, jirani na Luleå, palikuwa na kiwanda kikubwa cha betri cha Northvolt ambacho kila mtu alikiimba, na Machi 2025 kampuni hiyo ikafilisika. Pesa za miradi zinafuata viwanda. Chuma kisichotumia makaa, kinachotengenezwa kwa haidrojeni, kimekuwa na kiwanda cha majaribio hapo Luleå tangu 2020. Kusafisha mabaki, kurejeleza metali kutoka vifaa vya umeme, kupunguza maji kwenye kuelea, hayo nayo yapo. Kobalti ni mlango wako wa kuingilia, lakini soma na mengine.

Jina la mtu sitakupa. Kila tangazo lina jina chini yake, la yule anayesimamia mradi, na limewekwa pale ili aulizwe. Muulize swali moja la kazi yenyewe. Kwa mfano, mawe watakayotumia yana oksidi kiasi gani? Hilo atalijibu.

*Mama Profesa, binti yangu amemaliza kemia. Kuna ofisi hapa mjini inasema ina mkataba na vyuo vya Uswidi, inataka dola 1,200 za kufungua faili, na nafasi ya doktora ni ya uhakika. Nimekwisha kuuza kiwanja. Nilipe? — Mzee wa Ruashi*

Usilipe, mzee wangu. Kuomba nafasi ya doktora Uswidi hakuna ada, na hakuna ofisi yoyote, ya hapa wala ya kule, inayoweza kuuza uhakika, kwa sababu anayeamua ni chuo baada ya kusoma maombi ya watu wote. Waombe kitu kimoja tu: namba ya tangazo na jina la chuo. Kisha binti afungue ukurasa wa ajira wa chuo hicho mwenyewe, kwenye simu, atafute namba hiyo. Asipoiona, mmekwisha kupata jibu. Akiiona, aombe mwenyewe bure. Pesa ya kiwanja iwekeni kwa pasiporti, tafsiri za diploma na gharama za kibali cha kukaa, kwa sababu hizo ni za kweli na zinauma.

*Mama, mimi ni asistenti wa kike, nina miaka 37, bwana na watoto wawili, wa miaka tisa na mitatu. Nimeona tangazo linalonifaa kabisa. Bwana yangu hakatai, lakini mama mkwe anasema mwanamke akienda miaka minne nyumba imekufa. Je, umri wangu haujapita? Naweza kwenda na watoto? — Mama wa Kampemba*

Ndugu yangu, umri hawauangalii, kaa na amani. Watu wenye miaka yako wako wengi katika doktora za Uswidi, wengine walikwisha fanya kazi viwandani kwanza.

Familia inaruhusiwa. Wewe unaomba kibali cha kukaa kwa ajili ya doktora, kwa idara yao ya uhamiaji, inaitwa Migrationsverket, kwa njia ya intaneti, na bwana na watoto wanaombewa pamoja nawe. Mtapaswa kuonyesha kwamba pesa ya kuwatunza wote ipo, na hapo ndipo watu wengi wanakwama, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukata tiketi ya moyo. Kila mmoja wenu, hata mdogo, awe na pasiporti yake yenye muda mrefu mbele. Uliza mapema ubalozi upi utawapokea kuonyesha pasiporti na kuchukuliwa alama za vidole, maana safari hiyo nayo ina gharama yake.

Mkishafika, shule ya yule wa miaka tisa ni bure, na chakula cha mchana anapewa pale pale. Yule wa miaka mitatu anapata chekechea, malipo yake madogo yanafuata mapato yenu. Ukijaliwa mtoto mwingine huko, wazazi wana siku 480 za malipo ya kulea, za kugawana, na muda wa doktora yako unasogezwa mbele. Hili mweleze mama mkwe. Mwambie pia kwamba baba wa Kiswidi anachukua miezi yake na kusukuma kigari cha mtoto kwenye theluji saa nne asubuhi, na hakuna anayemcheka.

Lakini nisikufiche upande wa bwana yako. Atakuwa na ruhusa ya kufanya kazi, ila bila Kiswidi kazi inayolingana na aliyoiacha haipatikani kwa haraka. Mwanaume aliyekuwa shefu wa kazi hapa, akakaa nyumbani Luleå mwezi wa kumi na mbili, jua linaonekana saa tatu tu kwa siku na yeye hana mtu wa kumwamkia, huyo ndiye atakayeitikisa nyumba, si wewe. Zungumzeni hilo kabla ya habari ya majaketi. Ajiandikishe darasa la Kiswidi wiki ya kwanza, ni bure kwa waliosajiliwa kuishi pale. Nyumba za kupanga nazo zina foleni, andikisheni majina mkiwa bado hapa Lubumbashi, siku hiyo hiyo mtakapopata jibu. Wengine wanaanza kwa mama kwenda peke yake muhula mmoja, kisha familia inafuata nyumba ikishapatikana. Mimi naona ndiyo njia yenye akili, ingawa najua mama mkwe hataipenda.

Unga wa bukari (ugali wetu) bebeni. Maduka ya Kiasia yanauza, lakini si ule.

*Mama Profesa, mimi bado sijafika masta, nina licence (digrii ya kwanza) ya jiolojia tu. Nami niombe doktora? Masta ya huko nimeona bei yake nikafunga simu. — F., komini ya Kenya, Lubumbashi*

Kwa licence ya miaka mitatu ya mfumo mpya mlango haufunguki bado, mwanangu. Ila usifunge simu. Tafuta masta ya pamoja inayoitwa EMerald, ya uhandisi wa madini, iko chini ya programu ya Erasmus Mundus na inawaunganisha Liège ya Ubelgiji, Lorraine ya Ufaransa, Freiberg ya Ujerumani na hao hao Luleå. Wanaofaulu vizuri wanaweza kupata burse, na hapa neno hilo lina haki yake. Ubelgiji pia kuna ARES, inayotoa ufadhili kwa watu wa nchi kadhaa, Kongo ikiwemo, na baadhi ya masomo yake ni kwa Kifaransa, jambo litakalokupa nafasi ya kupumua wakati Kiingereza chako kinapanda. Soma masharti ya mwaka huu mwenyewe, usimwulize mtu wa mwaka jana. Na leo hii, kabla ya mvua kufunga barabara, nenda ukachukue sampuli za memuari yako ukiwa bado unaweza kufika shimoni.